Uliza Imetoka Wapi

Jumapili, mwishoni mwa Septemba. Ipuli, Tabora.

Mvua za kwetu hazitegemewi kabla ya Novemba, lakini mikono ya watu haitulii. Wiki nzima majirani wamekuwa wakipita na vikaratasi vilivyokunjwa. Huyu kaleta bamia, yule mbegu za maboga alizozianika kwenye ungo, mwingine anaulizia mgagani. Napokea, natoa, tunaagana. Nakipenda kipindi hiki kuliko hata mavuno yenyewe, kwa sababu mtu asiye na shilingi mfukoni bado anakuwa na cha kumpa mwenzake.

Ila kuna jambo linanikera, na nimeona niliandike. Tunapeana mbegu bila kupeana habari zake. Karatasi inafika, ndani mna punje, basi. Ilivunwa lini? Ilitoka kwenye mmea wa namna gani? Kando yake palipandwa nini? Aliyeivuna ndiye anayejua, na asiposema, anayepokea anapanda gizani.

Chukua huo mgagani. Mama mmoja wa Ng'ambo alinijia uso umekunjamana. "Mayo, mbegu uliyonielekeza kwa yule bibi haioti. Nimemwagilia mpaka nimechoka." Nikamuuliza ilivunwa lini. Hakujua. Tukaenda kwa bibi mwenyewe, tukakaribishwa mkekani, na jibu likapatikana kabla hatujakaa vizuri: alikuwa amepukuchua maganda mwezi uleule. Mbegu haikuwa mbovu hata kidogo. Mgagani uliotoka kuvunwa hulala. Unataka kukaa miezi kadhaa, mitano au sita hivi, ndipo uote vizuri, na ukiupanda ni lazima uufunike kwa udongo kidogo, maana mwanga huuzuia kuota. Bibi anayajua hayo tangu utoto wake. Hakuyasema kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kitunguu kina tabia ya kinyume. Mbegu yake huchoka upesi, na ikishapita mwaka mmoja au miwili usiitegemee. Nyanya itakusubiri hata miaka minne ikiwa pakavu. Kwa hiyo tarehe ya kuvuna ni habari kubwa kuliko jina la mbegu, nami sasa simpi mtu karatasi isiyoandikwa mwezi na mwaka. Ukiletewa isiyo na tarehe, chukua punje kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke pasipo jua, uzitazame kwa wiki moja au zaidi kidogo. Zikiota nane, panda kwa raha. Zikiota nne, ongeza wingi wa mbegu. Ikiota moja, mrudie aliyekupa umwambie kwa upole, ili naye asiendelee kuigawa.

Habari ya pili ni ya majirani wa mmea. Hapa ndipo naona watu wengi hawaamini mpaka wayaone kwa macho yao. Mumunye tunalopika na kibuyu cha kuchotea maji ni jamii moja. Maua yao meupe hufunguka jioni, wadudu wa usiku wakahamisha chavua kutoka huku kwenda kule bila kujali ua lipi ni la mboga na lipi la chombo. Mwaka huohuo huoni kitu, mumunye ni tamu kama kawaida. Msimu unaofuata, ukipanda mbegu zake, ndipo linapokuja tunda chungu, na uchungu ule si wa kuvumilia kwa sababu sufuria iko jikoni tayari. Ni sumu. Onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, na kikiwa kichungu tema, ukatupe lote. Maboga nayo huingiliana, ila yao ni kazi ya nyuki, na Tabora nyuki hatuna uhaba nao. Anayetaka mbegu safi ya boga alifunge ua la kike kwa uzi jioni kabla halijafunguka, asubuhi alipake chavua ya ua la kiume la aina ileile, kisha alifunge tena. Nyanya na maharage hayana usumbufu huo, kwa kiasi kikubwa hujichavusha yenyewe, kwa hiyo anayeanza kutunza mbegu aanze na hizo.

Chotara za dukani sizikatai. Huzaa kwa wingi na nyingine zinastahimili magonjwa yanayotumaliza. Lakini ukitunza mbegu ya nyanya chotara, watoto hawatafanana na mama, na ukimpa jirani bila kumwambia, atajilaumu mwaka mzima kwamba hajui kulima. Pakiti iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe yake. Zile punje zilizopakwa rangi nyekundu au kijani zimetiwa dawa. Zilizobaki usimwagie kuku.

Halafu kuna wageni wanaosafiri na mizigo. Sisi wa Tabora tulipaswa kuwa walimu wa jambo hili Afrika nzima, kwa sababu dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi na makopa kuwa unga ghalani, kwao ni Amerika ya Kati, na mahali pa kwanza kugunduliwa Afrika ni mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuja na nafaka. Mdudu mwingine, kanitangaze wa nyanya, aliingia nchini mwaka 2014, na huyu hupenda kupanda gari pamoja na miche na matunda. Ukinunua miche ya nyanya barabarani geuza majani uyatazame. Yakiwa na michirizi myeupe kama mtu aliyechora kwa chaki, iache hapohapo hata kama ni bei ya bure.

Nimeeleza mbegu kwa urefu, lakini lililonifanya niandike leo hasa ni mabwawa. Mtaani kwetu imeingia hamu ya kufuga samaki nyuma ya nyumba, na nimefurahi mno, maana sato wabichi wakifika hapa bei imeshapanda. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike kwa bomba, watu wamepata ujasiri. Ila hesabu ifanywe kabla ya jembe. Bwawa la mita 5 kwa 4 lenye kina cha mita moja ni lita 20,000, yaani ndoo kubwa 1,000. Na jua la Oktoba likipunguza milimita 6 tu kwa siku, hizo ni lita 120, ndoo sita kila siku za kujazia. Mimi kazi hiyo ya kujazia naiunganisha na umwagiliaji. Nachota maji ya bwawa kila jioni kumwagilia mchicha na chainizi, kisha najazia mapya. Maji yale ya kijani yana mbolea ndani yake, na bustani inaonyesha. Mboga za kachumbari nazimwagia ya bomba, kwa sababu bwawani natia samadi.

Udongo wetu wa juu ni kichanga, haushiki maji. Chimba shimo dogo, lijaze jioni, lijaze tena yakizama, ulitazame asubuhi. Likiwa kavu, una njia mbili, turubai zito la bwawa au udongo wa kichuguu. Vichuguu tunavyo, na udongo wake ni wa mfinyanzi. Unaloweshwa, unatandazwa tabaka nene, unashindiliwa mpaka mguu hauachi alama. Mzee aliyenifundisha alikuwa akifyatua tofali za udongo huohuo miaka na miaka. Nilimwambia, "Babu, njoo unitazamie," akaja na fimbo, akaichomeka sehemu tatu, akasema bado, rudieni. Tulirudia.

Bwawa likikamilika, tia chokaa ya kilimo, kisha maji, kisha samadi kwenye gunia lililofungwa kamba pembeni. Subiri wiki moja au mbili. Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, chakula cha asili kipo. Ukikiona wazi, bado. Kikipotea kabla maji hayajafika katikati ya mkono, umezidisha, toa gunia. Kijani kikizidi, usiku vimea vile vidogo vya kijani huvuta hewa ileile wanayoivuta samaki, na alfajiri utawakuta wote juu wakipiga midomo. Wakifanya hivyo usiwalishe. Ingiza maji mapya.

Sasa lile swali langu la imetoka wapi. Vifaranga wa samaki ndiyo mbegu, na hawa hudanganya kuliko punje. Sato huanza kuzaana wangali wadogo, na bwawa likijaa hawakui tena, wanadumaa. Samaki wa urefu wa kidole anaweza kuwa wa miezi miwili, anaweza kuwa mzee wa mwaka mzima aliyedumaa. Kwenye ndoo hutawatofautisha kwa urahisi. Kuna watu wanazunguka na ndoo hizo, bei nafuu, na jirani yangu alinunua. Amewalisha pumba na mashudu ya alizeti tangu baada ya Pasaka, na hadi leo samaki ni wale wale. Inaniuma, kwa sababu yule mama hana uvivu hata kidogo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia aulize wametoka bwawa gani, wazazi wao wana ukubwa gani, wametotolewa lini, na kama ni madume watupu.

Mkoani kwetu tuna kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Mwamapuli, Igunga. Mimi nashauri twende huko, hata kama nauli inauma, kwa sababu huko swali lina mtu wa kulijibu. Tutie watatu kwa kila mita moja ya mraba, tusiongeze kwa tamaa. Bwawa lile la mita 5 kwa 4 ni samaki 60. Likishatulia tuweke kambale wachache wawapunguze watoto wa sato, ila kambale wawe wadogo kuliko sato wenyewe, la sivyo watakula mtaji.

Mambo mengine ni mafupi. Zungushia uzio, watoto wapo. Fyeka majani pembezoni ili konokono wa kichocho wasipate makazi, na ukiingia vaa buti. Mbu si tatizo, samaki hula viluwiluwi vyake. Mdiria atakuja tu, kwa hiyo tandaza wavu juu. Na maji ya ziada yasielekee mtoni, samaki wa bwawani wabaki bwawani.

Safari ya Igunga tumeipanga katikati ya Oktoba, mimi na baba wa nyumba ya pili. Tutalala huko ili tuondoke na samaki alfajiri kabla jua halijachachamaa, mifuko ikiwa imejazwa oksijeni. Tukifika kila mmoja auache mfuko wake uelee majini kama nusu saa kabla ya kuufungua, joto la ndani lilingane na la nje. Wawili wameshanipa pesa niwachukulie. Nimewaambia wajaze mabwawa sasa hivi, dawa ya maji ya bomba ipate kuisha na kijani kitokee, wasingoje mpaka samaki wafike mlangoni.