Nilivyoingia mgodi wa Potosí, na ule ushauri wa kijinga niliopewa

Aliyeniambia "we Mchaga, umezaliwa chini ya Kilimanjaro, hewa ya Bolivia itakufanya nini" naomba asinipigie simu mwaka huu. Kwani Moshi ndo Kibo? Potosí iko kama mita 4,000 juu, nikashuka kwenye basi kichwa kinapasuka, ngazi za hosteli napanda moja napumzika moja, usiku kutapika tu, kesho yake nikarudi Sucre hata mgodi sijauona.

Sucre ni 2,800 hivi, kaa pale kwanza mwili uzoee ndo upande. Alafu koka, yale majani wanayotafuna kule. Mi nilikuwa naitafuna kama miraa, wapi, mama mmoja muuzaji akacheka mpaka akakaa chini, kumbe unaibana shavuni na kipande cha majivu unanyonya polepole, na kweli kichwa kikatulia! Mapadri wa Kihispania walitaka koka ipigwe marufuku ety ya kishetani, wenye migodi wakaona bila koka hachimbi mtu, basi ikaachwa, na kanisa likala fungu la kumi humohumo. Watu bana.

Huko ndani Cerro Rico, ule mlima wa Potosí wenye migodi ya madini ya fedha, unatembea umeinama, vumbi, joto. Mtembezaji wetu, mchimbaji wa zamani, akatupanga mstari akahesabu, wa saba akamtoa pembeni. Wa saba mimi. Akasema hivi ndo Francisco de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania huko Peru, alivyofanya miaka ya 1570: wanaume saba wa kijijini, mmoja anaenda Potosí kuchimba kwa lazima mwaka mzima, jumla kama 13,000 kwa mwaka. Wainka, waliotawala kabla ya Wahispania, nao walikuwa na kazi za zamu, Toledo akaichukua akaigeuza ya kwake. Wengine walitoka huko ziwa Titicaca kwa miguu na wake na watoto na llama, wanyama wao wa mizigo, mshahara upo ila hautoshi hata kula. Kilichoniuma zaidi, watu wakitoroka idadi haipunguzwi, chifu wao ndo anadaiwa, asipoleta mtu alete pesa. Hiyo kazi ya lazima ikafutwa kisheria 1812, piga hesabu mwenyewe.

Gharama sikumbuki vizuri, kama elfu hamsini za kwetu na ushee, buti na kofia wanakupa. Wanunulie wachimbaji koka na soda pale sokoni kwao. Baruti nayo ipo mezani hapohapo, ile mi niliipita mbali.