Namba nyingi si wateja wengi

Kaa na wafanyabiashara wa Kariakoo, hutakosa mmoja anayejisifu kuwa ana namba elfu kumi za wateja. Mimi huuliza kitu kimoja tu: ngapi kati ya hizo zimenunua mwaka huu? Mada hubadilika hapohapo.

Natunza orodha ya wateja kwenye duka la vitenge vya jumla, na adui yangu mkubwa ni sifuri. Ukiandika 0754 kwenye Excel, inadhani ni hesabu na kuimeza sifuri ya mbele. Kwa hiyo safu ya namba naipanga kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, na kila namba ya hapa inaanza na 255, halafu tarakimu tisa. Kizungumkuti ni wateja wa nje. Anakuja mama wa Lubumbashi, Kongo, anakuja mwingine wa Kitwe, Zambia, wote wanaandika namba ya tarakimu kumi inayoanza na 097. Nchi isipoandikwa pembeni, utajuaje yupi ni yupi? Kijana wa kaunta ameshazoea: anauliza nchi kwanza, jina baadaye.

Tarakimu za mwanzo pia zisikudanganye kuhusu mtandao. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile.

Majina ndiyo yana vituko. Mama Nasra, Mama Nasra Mbagala na Bi. Zuhura wanaweza kuwa mtu mmoja. Mohamed, Muhammad na Mudi, vivyo hivyo. Siunganishi watu kwa jina hata siku moja, naangalia namba, na hata hapo nakuwa mwangalifu kwa sababu kuna ndugu wanaotumia laini moja ya duka. Mteja akilipa kwa simu, jina lililosajiliwa linakuja na meseji ya malipo. Nalitumia kuhakiki aliyekwisha kutupa namba kwa hiari yake. Kuokota namba za walipaji na kuwamwagia matangazo, hapana.

Na akisema "msinitumie tena"? Wengi hufuta kila kitu wakadhani wamemaliza. Mimi nabakiza namba peke yake, naiandikia "asitumiwe" na tarehe. Ukiifuta kabisa, mtu ataleta daftari la namba zilizokusanywa kwenye maonyesho ya Sabasaba, namba ileile itaingia kama mgeni, na mama wa watu atakaribishwa upya kwa bashasha. Haki ya kukataa matangazo ipo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ila hata bila sheria huo ni usumbufu.

Meseji isipofika mara moja siigusi namba, labda simu haina chaji. Ikigoma miezi mfululizo naitoa kwenye orodha ya kutumiwa. Laini iliyolala muda mrefu huuzwa tena, na mwenye nayo mpya hana habari na vitenge vyetu.

Bosi hapendi kuona orodha inapungua. Nilimwekea bili ya meseji mezani: tunalipa kwa kila namba, kwa kila herufi 160, na ukichomeka kile kikatuni cha kucheka nafasi inashuka hadi 70. Akaisoma mara mbili, akaniambia nianze kupunguza na daftari la Sabasaba. Na vikatuni nivitoe.