Daftari la moksa na panya: wiki ya sita

Wiki hii nimeongeza safu moja tu kwenye daftari, nayo imenirudisha kwenye makala zote nilizodhani nimeshazimaliza. Safu yenyewe nimeiita "joto la ngozi".

Kwa anayeanza kusoma leo: kila jioni nikitoka kazini nasoma tafiti za Kichina zilizotumia panya kupima kama moksa, tiba ya Kichina ya kupasha ngozi joto kwa kijiti cha majani kinachowaka, hutuliza IBS, yaani utumbo nyeti. Tumbo linauma, leo unaharisha, kesho choo kinafunga, na ukienda kupimwa hakuna kidonda kinachoonekana. Dada yangu anaishi nao mwaka wa tisa sasa. Mtu alimletea vijiti vya moksa, naye akaniuliza: "Mdogo wangu, hii dawa kweli, au ni joto tu?" Swali lake ndilo daftari lote hili.

Moksa hutengenezwa kwa majani ya Artemisia argyi, mmea ambao Wachina huuita ai, wa ukoo mmoja na pakanga. Hukaushwa, hutwangwa mpaka yawe laini kama pamba, kisha huviringishwa kwenye karatasi. Kijiti huwashwa ncha moja na kusogezwa karibu na ngozi bila kuigusa. Tiba hii ni kongwe mno. Katika kaburi la Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK, yalikutwa maandishi ya hariri yanayoeleza tiba ya kuchoma kwa kufuata mishipa ya mwili, na sindano za akupancha, tiba nyingine ya Kichina, hazitajwi humo.

Sasa panya. Panya hapati IBS kama sisi, kwa hiyo watafiti humtengenezea. Njia inayotumika sana ilichapishwa mwaka 2000 na Al-Chaer na wenzake, Marekani. Panya wachanga, kuanzia siku ya 8 hadi ya 21 tangu kuzaliwa, huingizwa puto dogo kwenye utumbo mpana na kupuliziwa. Wakikua, utumbo wao ukitazamwa hauna jeraha, ila unauma kwa mguso ambao panya mwingine angeuvumilia. Nilipofika hapo nililifunga daftari siku mbili. Ninataka dada apone, na sitaki kuandika neno "modeli", jina ambalo watafiti humwita panya wa namna hii, kana kwamba hakuna kiumbe aliyeumia ndani yake.

Maumivu hupimwa kwa puto lilelile, safari hii panya akiwa mkubwa, kwa shinikizo la milimita 20, 40, 60 na 80 za zebaki. Mtazamaji hutoa alama. Sifuri ni panya kutulia, 1 ni kutikisa kichwa kidogo, 2 misuli ya tumbo kukaza, 3 tumbo kuinuka kutoka chini, 4 mgongo kupinda na nyonga kuinuka. Kumbuka kwamba alama hizo hutolewa kwa macho ya mtu.

Kazi nyingi nilizosoma zimetoka Shanghai. Wanachoma juu ya pointi mbili za tiba hii: Tianshu, pembeni mwa kitovu, na Shangjuxu, mguuni chini ya goti. Mara nyingi ni dakika 10 kwa siku, siku 7 mfululizo. Matokeo yanafanana: panya waliopata moksa wanapata alama ndogo kuliko wasiopata, na serotonini kwenye utumbo inapungua. Hilo la serotonini si dogo. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, na ni moja ya vitu vinavyopeleka habari za maumivu na kuuharakisha utumbo.

Basi tatizo liko wapi? Makala nyingi zinataja umbali wa kijiti, sentimita 2 au 3, halafu zinanyamaza. Ngozi ilifika nyuzi ngapi? Kwenye neva za ngozi kuna kipokezi cha joto kiitwacho TRPV1, ambacho kikundi cha mwanasayansi wa Marekani David Julius kilikitambua mwaka 1997, kazi iliyomletea Nobel mwaka 2021. Kipokezi hicho hufunguka joto likifika takriban nyuzi 43. Chini ya hapo panya anaoteshwa moto tu. Juu ya hapo neva zinapokea ujumbe mwingine kabisa.

Jumamosi nilikijaribu kijiti kimoja uani, juu ya kitambaa chenye unyevu, kipimajoto kikiwa chini yake. Majivu yalipojikusanya kwenye ncha, joto lilishuka. Nilipoyakung'uta, lilipanda ghafla, na mkono wangu haukuwa umesogea. Kwa hiyo "sentimita 3" haitoshi kuniambia panya alipata nini. Dada nimemkataza kujichoma mwenyewe akiwa amelala. Ngozi huungua kabla hujashtuka.

Safu ya pili inayonisumbua ni "kushikwa". Panya hufungwa ili atulie, na kufungwa kwenyewe kunatosha kuuvuruga utumbo wake. Makala ninazoziamini zina kundi lililofungwa muda uleule bila moksa. Nyingine hazisemi, nazo nimezitia alama nyekundu. Pia natafuta kama mtoa alama alijua panya yupi ni wa kundi lipi.

Hili la kujua na kutojua lina uzito hata kwa binadamu. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la wagonjwa 262 wa IBS, lenye tiba ya sindano bandia, zinazoonekana kuchoma lakini hazitoboi ngozi. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 ya waliosubiri tu, 44 ya waliopata sindano bandia kwa mazungumzo machache, na 62 ya waliopata sindano hizohizo pamoja na mtu wa kuwasikiliza. Nilimsomea dada takwimu hizo kwenye simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema daktari wake wa sasa huwa hamwangalii usoni.

Juma lijalo naanza na makala iliyolinganisha viwango viwili vya joto kwenye pointi ileile. Nimeiweka juu ya rundo.