Picha za Caesar

Jana usiku nimekesha nasoma tena habari za Caesar (jina la siri), yule mpiga picha wa polisi jeshi wa Syria aliyekuwa anapiga picha maiti za wafungwa, na bado kitu kimoja kinanisumbua: kwa nini serikali inayotesa watu ipige picha maiti zao? Kumbe ni ukarani tu jamani. Walitaka faili likamilike, cheti cha kifo kitoke, familia iambiwe moyo ulisimama na mwili isiuone.

Ebu fikiria, kila maiti ina namba ya mfungwa, namba ya tawi la usalama lililomshikilia, alafu daktari anaongeza namba yake. Jina hakuna. Mwili umekonda mpaka mbavu unazihesabu, na pembeni unaona mkono wa mtu ameshika kikaratasi cha namba kama vile anapiga picha ya mzigo stoo.

Jamaa akawa ananakili kwenye flashi, anaficha kwenye soksi anapita nazo vizuizini, mpaka 2013 akatoroka na picha zaidi ya 50,000. Shirika la haki za binadamu Human Rights Watch wakazichambua wakapata wafungwa 6,786 waliofia mikononi mwa serikali. 2015 baadhi yake zikawekwa mtandaoni, kina mama wakakaa wanaskrol nyuso za maiti wakitafuta watoto wao, mi nisingeweza aisee.

Picha hizohizo zikaja kutumika mahakamani Koblenz, Ujerumani, na Januari 2022 Anwar Raslan, kanali wa zamani wa ujasusi wa Syria, akala kifungo cha maisha.