Siku moja maishani mwangu: kuviwahi vidhibiti vya jeni kwenye vinka

Saa 1:00 asubuhi. Nafuatilia vidhibiti vya jeni, yaani protini zinazowasha au kuzima jeni. Miche ya vinka (Catharanthus roseus), mmea unaotupa dawa za saratani vinkristini na vinblastini, naigawa katika vyumba viwili. Methili jasmonati, homoni ninayotumia kuushtua mmea, hupaa hewani. Miche ya ulinganisho, isiyopewa homoni, ikikaa jirani na iliyopewa hushtuka vilevile, na jaribio zima limekwisha.

Saa 1:30. Mikrolita 22 za homoni naziongezea ethanoli hadi mililita 1. Mikrolita 100 za hiyo ndani ya mililita 100 za maji hunipa mikromola 100. Miche ya ulinganisho hupata maji yenye ethanoli kiasi hichohicho.

Saa 2:00 nakata majani ya mwanzo, kabla ya homoni, kisha napulizia miche iliyobaki, kila chumba maji yake. Ndani ya seli, protini za JAZ zimeishikilia MYC2, kidhibiti kinachowasha jeni, isifanye kazi. Jasmonati ikishaungana na isoleusini hunaswa na COI1, protini inayoitambua homoni, pamoja na JAZ. JAZ zinavunjwavunjwa, MYC2 inakuwa huru. Inaamsha jeni ya ORCA3, kidhibiti kingine, nayo ORCA3 inaamsha TDC na STR, jeni za vimeng'enya vya hatua za awali za kutengeneza alkaloidi, kundi la kemikali lenye dawa zile mbili.

Mpangilio huo ndio unaoniamulia saa za kukata: 2:30, 4:00, 6:00 na 8:00 mchana. Kidhibiti hupanda kwanza, jeni zake hufuata, alkaloidi huja nyuma kabisa. Ukikata mara moja tu, tena umechelewa, utaikuta ORCA3 imeshashuka udhani haikuhusika. Kila mche nakata mara moja basi, kwa sababu jeraha lenyewe huamsha jasmonati ya mmea. Jani linaingia kwenye nitrojeni ya kimiminika papo hapo. Ulinganisho nao hukatwa kila saa hizohizo, maana jeni nyingi hupanda na kushuka kwa saa ya ndani ya mmea.

Saa 8:30 nasaga majani. Kinu na mchi vipoe kwanza. Unga ukipata joto, RNA, nakala za jeni zilizoamka ambazo ndizo ninazopima, inaliwa na vimeng'enya. Miligramu 100 za unga, mililita 1 ya kiyeyusho cha fenoli na guanidini, mikrolita 200 za klorofomu, kisha dakika 15 kwenye sentrifuji, g 12,000, nyuzi 4. Navuta tabaka la juu tu. Ukilifukuzia hadi tone la mwisho, unabeba DNA ya tabaka la kati.

Mimea ya dawa ina fenoli na sukari nyingi. RNA ikitoka ya kahawia ni fenoli, na safari nyingine natia PVP, polima inayonasa fenoli, wakati wa kusaga. Ikiwa na ute ni polisakaridi, yaani sukari zilizoungana.

Saa 12:00 jioni, baada ya kusafisha DNA iliyobaki, mikrogramu 1 ya RNA inageuzwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, kisha PCR ya kupima kiasi, inayoinakili kwa mizunguko 40. Jeni ikionekana mzunguko mmoja mapema, nakala zake zilikuwa takriban maradufu.

ORCA3 ikipanda sishangilii bado. Homoni hiyohiyo huamsha pia ZCT, vidhibiti vinavyozizima TDC na STR, kwa hiyo navyo navipima kwenye sahani ileile. Unga uliobaki unakaa nyuzi -80, usubiri kupimwa alkaloidi zenyewe.