Daftari la bakteria: kutoka maumbo hadi mipangilio

Hadi sasa michoro yangu ya bakteria wanaoonekana kwa hadubini ya kawaida ilikuwa imepangwa kwa umbo tu, yaani duara, fimbo na hesi (umbo la kujisokota kama skrubu). Nimeanza kulipanga daftari upya kwa kufuata jinsi seli zinavyoshikamana, kwa sababu umbo peke yake husema machache, ilhali mpangilio huonyesha seli ziligawanyika kuelekea upande gani.

Sampuli iliyonishawishi ni yogati isiyotiwa ladha, ambayo kwa kawaida hugandishwa na bakteria wawili: Streptococcus thermophilus, aliye duara, na Lactobacillus bulgaricus, aliye fimbo. Tone dogo nalizimua kwa maji ili mafuta na protini za maziwa zisifunike kila kitu, nalitandaza kwenye slaidi, naliacha likauke, kisha naipitisha slaidi juu ya mwali wa moto ili seli zinate. Rangi ni GV, ile dawa ya zambarau inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Hukaa kwa muda wa dakika moja, nikaisuuza, na slaidi ikawa tayari kwa lenzi ya mara 100 inayotumia tone la mafuta. Kwa kazi ya maumbo sioni haja ya kununua rangi ghali zaidi. Muhimu zaidi ni mkono mwepesi wakati wa kutandaza, kwani kusugua huvunja minyororo, na mpangilio uliovunjika hauna la kueleza.

Seli za duara, ambazo upana wake haufiki maikromita 1, zimejipanga katika minyororo. Za fimbo ziko moja moja, mbili mbili au katika safu fupi. Seli ya duara haifungwi na upande mmoja wa kugawanyikia. Ikirudia upande uleule bila seli changa kuachana, hutokea mnyororo. Ikipokezana pande mbili, hutokea seli nne za mraba. Zikiwa pande tatu, hutokea kifurushi cha seli nane, ambacho ndicho kitambulisho cha bakteria waitwao Sarcina. Staphylococcus, bakteria mwingine wa duara, naye hubadilisha upande kila mara, lakini seli zake haziachani sawasawa, na matokeo yake ni vichala visivyo na utaratibu. Seli ya fimbo kwa kawaida hukatika kwa upana wake tu, ndiyo maana kurasa zangu za fimbo zinafanana mno. Ukurasa wa vichala utabaki mtupu kwa hiari yangu: Staphylococcus aureus husababisha majipu, na si kiumbe wa kukuzwa nyumbani.

Kinachoshikilia umbo lenyewe ni ukuta wa seli. Mwaka 1953 mwanasayansi Claes Weibull aliwaweka Bacillus megaterium, ambao ni fimbo, katika maji ya sukari, akautoa ukuta wao kwa lisozimu, kimeng'enya kilichomo pia katika ute mweupe wa yai, na fimbo zote zikawa duara. Jaribio hilo lilinifanya niache kuchora ukuta kama mstari wa pambizoni usio na kazi.

Flajela, yaani nyuzi ambazo bakteria huogelea kwazo, sizichori, kwa kuwa unene wake ni takriban nanomita 20, wakati hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi. Hata hivyo, katika tone bichi lisilotiwa rangi kazi yake huonekana: bakteria anayeogelea hushika njia yake, tofauti na yule anayetikiswa tu na molekuli za maji, ambaye hutetemeka palepale pamoja na chembe zote za jirani.

Hatua inayofuata ni maji ya nyasi kavu zilizochemshwa. Mwanabotania Ferdinand Cohn alionyesha mwaka 1876 kwamba Bacillus subtilis hustahimili kuchemshwa huko kwa kuwa hutengeneza ndani ya seli spora, yaani kiini kigumu kilicholala kinachovumilia joto. GV haipenyi spora kwa urahisi, hivyo nitatafuta fimbo za zambarau zenye doa jeupe la umbo la yai, na kuandika kama doa hilo liko katikati ya seli au karibu na ncha.