Sisomi Mita za Mfereji: Siku Moja na Kipima Maji cha Bahari, Malindi, Unguja

Majirani zangu wa Mwanakwerekwe wanajua nafanya kazi "ya kupima maji", na balaa langu linaanzia hapo. Mfereji ukikauka siku mbili, anayegongewa mlango ni mimi. Nimeshaeleza mpaka nimechoka: maji ninayopima mimi hayanyweki.

Pale bandarini Malindi, pembeni mwa gati, kuna kibanda kidogo ambacho wengi hudhani ni cha mlinzi. Kuna bomba refu lililozama baharini, ubao wenye namba uliopigiliwa ukutani, na mkono wa chuma wenye kijirada kinachoyatazama maji usiku na mchana. Kituo hiki kinaandika kujaa na kupwa kwa bahari tangu miaka ya 1980, na takwimu zake hurushwa kwa setilaiti, akazisoma mtu aliyeko upande wa pili wa dunia. Mimi ndiye ninayekifuta mavi ya kunguru.

Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumatano, tarehe 30 Julai 2025.

Saa kumi na moja alfajiri. Simu iliniamsha kabla ya adhana. Watu tisa walikuwa wamepiga, na wote wamenitumia ujumbe mmoja wa sauti. Mwanamume asiyejitaja jina, sauti nzito kama ya taarifa ya habari, anasema ndugu zangu wa Unguja na Pemba, tsunami inaingia leo saa mbili usiku, ondokeni pwani, mtumie na mwenzako.

Tetemeko lilikuwepo kweli. Lilipiga Kamchatka, mashariki ya mbali kabisa ya Urusi, saa nane na dakika 24 usiku kwa saa zetu, ukubwa wa 8.8. Lakini Kamchatka iko Pasifiki, na sisi tuko Bahari ya Hindi. Ya kutufikia sisi ingetaka tetemeko jingine, na hakuna mwanadamu anayejua saa ya tetemeko kabla halijapiga. Nikasali, nikanywa chai, nikamjibu ami yangu wa Nungwi ambaye ni mvuvi: "Ami, hakuna kitu, lala." Akanijibu: "Nilale saa hizi, nikavue saa ngapi?"

Saa moja na nusu. Kufungua kibanda, kukagua betri, kupangusa sola, kusoma ubao, kulinganisha na mashine, kuandika daftarini. Hayo ni ya kila siku, Idi na mvua. Kunguru walikuwa wameng'oa tena mpira wa waya mmoja. Wakubwa wakija kutembelea huulizia setilaiti. Kunguru hawaulizii kabisa, na mie kazi yangu nusu ni kunguru.

Saa tatu. Maji yamejaa, lakini kujaa kwa kivivu. Zilikuwa siku za mwanzo za Mfunguo Tano, yaani Safar, mwezi mchanga umeshavuka bamvua lake, yale maji makubwa, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yanaingia. Kusi linavuma. Nikafungua kompyuta nitazame wenzangu.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Vituo kama hiki viko mamia duniani, na grafu zake zinaonekana mtandaoni, cha kwetu kikiwa humo. Siku za matetemeko ya Pasifiki mimi hufungua kituo cha Crescent City, kimji cha watu elfu sita na ushei kaskazini mwa California, Marekani. Kidogo kuliko mitaa yetu mingi, lakini kwa tsunami hakina mpinzani katika pwani ile. Tangu wawekewe kipima maji mwaka 1933 wameshaandika tsunami zaidi ya 30. Sababu iko chini ya maji. Kuna mgongo mrefu wa mwamba kwenye sakafu ya bahari unaoyaelekeza mawimbi kwao, na ghuba yao yenye umbo la mwezi mwandamo huyapokea, yakawa yanasukwasukwa humo kama maji ndani ya beseni.

Mwaka 1964 tetemeko la Alaska liliwapelekea mawimbi usiku. Yakaja ya mwanzo, yakaondoka, baadhi ya watu wakarudi madukani kufagia matope. Wimbi la nne ndilo lililokuwa kubwa. Watu 11 wakafa katika mji ule. Hilo nimelihadithia barazani mara ngapi sijui, maana kwetu bado kuna mtu anayeamini kwamba wimbi likishapiga limekwisha.

Ilipokaribia saa nne, mstari wa Crescent City ukaanza kuruka. Kwao ilikuwa karibu saa sita usiku. Chai yangu ikapoa mkononi. Baadaye tulisikia kwamba gati lao moja la kuelea limeharibika na hakuna aliyekufa.

Simu ikalia. Mkubwa wangu wa kazi.

"Mbona na wewe grafu yako inaruka?"

Nikatazama. Wallahi, mstari wa Zanzibar, uliokuwa umelala kama mkeka, ulikuwa unapanda na kushuka. Sentimita arubaini, kisha sabini. Nilitoka kibandani sikumbuki kama nilivaa kandambili.

Chini ya rada yangu palikuwa na jahazi. Tezi, yaani nyuma ya chombo, imeingia sawasawa chini ya mkono wa chuma, kamba imezungushwa kwenye bomba langu mara tatu, na kila kusi likisukuma, chombo kinagonga bomba, du, du, du. Rada ilikuwa inapima paa la choo cha jahazi ikidhani ni Bahari ya Hindi.

"Assalaam alaykum, nahodha."

"Waalaykumu salaam. Wewe ndio wa maji?"

"Ndio mie. Nakuomba ufungue hiyo kamba, hapo si pa kufungia chombo."

"Kwani bomba la nini hili?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akaniambia: "Basi kabla sijafungua nijibu, hiyo tsunami inafika saa ngapi? Nina saruji humu ya kwenda Mkoani, Pemba."

Nikamwambia haiji. Akasema mnatuficha. Nikamwambia hata ingekuwa yaja, wa kutangaza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hupokea taarifa kutoka vituo vya India, Indonesia na Australia. Mie natunza kifaa tu. Akasema kama hujui kitu, mshahara unalipwa wa nini? Nikamwambia ya kwetu hutoka Sumatra, au Makran kule pwani ya Iran na Pakistan, na kwamba wimbi la Kamchatka lingelazimika kupenya katikati ya visiwa vya Indonesia au kuizunguka Australia, likifika huku limeshachoka kuliko mie. Akakaa kimya kidogo.

"Ile ya 2004 nilikuwa kilindini," akasema. "Sikuona kitu."

Na alisema kweli. Kwenye kina kirefu tsunami hupita chini ya chombo kwa kasi ya ndege bila nahodha kuhisi chochote. Huinuka ikikaribia nchi. Ile ya Desemba 26 ilichukua zaidi ya saa nane kutoka Sumatra hadi kwetu, mchana wa Jumapili, na maji yalikuwa bado chini, la sivyo tungesema mengine. Hata hivyo Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi, wengi wao waogeleaji wa Dar es Salaam, na Somalia karibu mia tatu. Saa nane, na wengi hawakupigiwa simu na mtu.

"Kwa hiyo leo nitoke niende kilindini?"

"Nahodha, leo fungua kamba tu."

Lakini hawezi, mabaharia wake wamekwenda kunywa chai sokoni, na yeye mgongo unamuuma. Mkubwa anapiga kila dakika tano. Nikapiga mbio hadi soko la samaki, nikamkuta mmoja, mwenzake hajulikani alipo. Nikarudi. Ili mzee asiondoke na wazo la kukaa pale hadi alasiri, nikamsimulia habari ya mashua. Tsunami ya Japani ya Machi 2011 ilichukua kimashua cha skuli moja ya sekondari ya Rikuzentakata, kikaelea miaka miwili, kikaja kutua Crescent City mwaka 2013. Kilikuwa kimevaa chaza tupu. Wanafunzi wa pale wakakikwangua, jina lililoandikwa ubavuni likasomwa, na kikarudishwa Japani kwa wenyewe. Miji ile miwili sasa ni ndugu.

Nahodha alifikiri sana.

"Gharama ya kukirudisha nani alitoa?"

Baharia wa pili alifika saa tano kasorobo. Wakalisogeza jahazi omo na tezi, mbele na nyuma, mstari wangu ukalala tena. Daftarini nikaandika muda wote ule kwa kalamu nyekundu: jahazi. Inaudhi kuliko inavyosikika. Siku ikija ya kweli, kama ile ya Aprili 11, 2012, tetemeko la 8.6 huko Sumatra, tahadhari bahari nzima, watu hutazama mistari kama huu wangu kuamua waendelee kukimbia au warudi nyumbani. Siku ile miamba ilikuwa imeteleza ubavu kwa ubavu bila kuinua bahari sana, mawimbi yakawa madogo. Yalijulikana kwa vipima maji.

Mchana uliobaki sikumbuki umekwendaje. Adhuhuri nilikula mkate na maharage nimesimama. Simu za ule ujumbe wa sauti hazikukoma. Mmoja aliniuliza kama ahamishe mbuzi. Maji yalipokupwa alasiri nilishuka ngazi na brashi ya chuma kukwangua chaza kwenye bomba, na kwa kuwa ni maji mafu hayakushuka vya kutosha, nusu ya chini ikabaki mpaka bamvua lijalo. Mkono wa kulia hauinuki. Palipokwanguliwa na kamba za jahazi nilipaka rangi.

Nyumbani nilifika magharibi. Jirani alikuwa mlangoni na ndoo mbili tupu. Nikampa dumu langu moja, sikuwa na nguvu ya kueleza.

Saa mbili kamili usiku simu ikalia. Ami.

"Saa mbili imefika."

"Naam, ami."

"Kimya."

"Kimya, ami."

Akapumua. Nyuma yake nilisikia redio, na mtu anakohoa.

"Haya. Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Anajua kuliko mashine yangu, alikuwa ananipima tu.

"Saa nne kupita kidogo."

"Saa nne na robo," akasema, akakata simu.